Shemeji Randa na Mashine ya Hewa

Mume wa dada yangu ni seremala, na watu wote humwita Randa, kwa jina la chombo chake cha kulainishia mbao. Mimi namwita shemeji, na kwa kuwa shemeji ni wa kutaniwa, nimemtania miaka thelathini na miwili bila kuchoka. Namtania kwa sababu nampenda. Ana kichwa kigumu kama fundo la mbao, ana mikono ambayo haijawahi kutoa kitu kibovu, na kununua vitu hajui kabisa. Kwake yeye, kitu cha dukani ni uvivu wa mtu mwingine uliopakwa rangi.

Mwaka jana dada alihamia kwangu. Hawakugombana, hao hata kugombana hawajui. Ni pumu yake, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inakuja na kuondoka, safari hii ilikuja na kukaa, hadi akawa hawezi kumaliza kufagia chumba bila kushika ukuta. Daktari wa kifua alimwuliza mumewe anafanya kazi gani na anaifanyia wapi, kisha akamwambia dada atoke kwenye nyumba ile kwanza, apumue. Akaja na begi moja. Baada ya wiki mbili nikamsikia anaimba huku akiosha vyombo.

Nitasema kweli, nilifurahi mara mbili. Nilifurahi kwamba anapumua, na nilifurahi kwamba nyumba yangu, iliyokuwa kimya tangu nifiwe na mume, ina mtu wa kusema naye. Lakini dada alikuwa anamkumbuka mzee wake hadi chakula kinampita. Randa alikuja kila Jumapili, ameoga, shati limenyooka kwa pasi, na wakakaa kwenye kochi kama wachumba wanaosimamiwa. Msimamizi nilikuwa mimi. Walishikana mikono tu.

Daktari alisema anaweza kujaribu kurudi, kwa masharti. Vumbi la karakana lizuiwe, na chumba cha kulala kiwe na mashine ya kusafisha hewa. Kifua kikibana tena, basi mama huyu ahame moja kwa moja. Shemeji aliyasikiliza maneno hayo amekunja kofia yake mikononi.

Karakana iko uani, hatua kumi na tano kutoka mlango wa jikoni. Katika wiki moja alihamishia msumeno upande wa pili wa ua, akatundika turubai zito, na akaziba kila upenyo wa mlango kwa mpira. Akatangaza kwamba vumbi la karakana limekwisha, na kilichobaki ni vumbi la barabarani, ambalo si lake. Ikabaki mashine.

Dukani tulikwenda wawili, mimi nimeshika karatasi ya daktari. Iliandikwa kwamba mashine itoshe ukubwa wa chumba, iwe na chujio la kunasa vumbi dogo lisiloonekana, isiwe ya kutoa ozoni kwa sababu hiyo huwasha kifua, na machujio ya kubadilishia yapatikane bila kuagizwa mbali. Randa hakuisoma. Alipita kwenye rafu akigonga kila mashine kwa kidole na kutega sikio, kisha akaipindua kutazama skrubu. Shemeji yangu alikuwa anachagua mashine ya hewa kwa kuangalia maungio.

Muuzaji, mwanamume mwenye tai na maneno mengi, alituvuta hadi kwenye mashine ndefu inayong'aa, yenye marashi na miale ya buluu, akaisifu mpaka nikaanza kumwonea huruma. Randa alimsubiri amalize, akamwambia kwa upole kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisha, ili haki itendeke, akauliza inafaa chumba cha ukubwa gani. Urefu, upana na kimo cha chumba chake anavyo kichwani. Mashine ile ilitosha nusu ya chumba tu, na miale yake, muuzaji alipobanwa, ilikuwa inatoa hiyo hiyo ozoni. Hapo karatasi na seremala walipatana.

Tukachukua nyingine, fupi, nyeupe, ya duara, ambayo kwa sura haikuzidi ndoo ya rangi. Chujio lilikuwa la kweli, na ya kubadilishia yalikuwepo pale pale. Muuzaji akaiwasha tuisikie. Ilinong'ona tu, mtu angeweza kulala. Mbele ilikuwa na taa ndogo, buluu hewa ikiwa safi, njano ikichafuka, nyekundu ikiwa mbaya.

Mtu mwingine angeipeleka nyumbani akaiweka. Randa aliipeleka nyumbani akaona aibu. Plastiki nyeupe, chumbani kwa seremala, karibu na kitanda alichokichonga mwenyewe? Alikaa siku tatu akaitengenezea kabati la milango miwili, bawaba za shaba, vanishi iliyopakwa mara tatu. Aliponiita nije kuliona nilikosa la kutania. Lilikuwa zuri hivyo. Akafungua milango kwa madaha kunionyesha mashine ndani yake, na taa ilikuwa nyekundu.

Akasema wametuuzia mbovu, tuirudishe leo leo. Mimi nikachukua kijitabu chake, nikamsomea kwamba mashine iachiwe nafasi pande zote na isifunikwe na kitu, kisha nikamwuliza kama pua yake inasikia vanishi au imekwisha kufa. Akalibeba kabati nje peke yake, akakataa nisimsaidie. Tukafungua madirisha, na kufikia jioni taa ilikuwa buluu.

Dada alirudi Jumamosi asubuhi. Aligusa kila kitu chumbani, akamsifia kabati lake lililokuwa uani, na Randa, kichwa kimevimba kwa sifa, akaenda karakana kumalizia meza ya mteja. Sisi tukabaki tunakunja nguo kitandani, taa buluu, dada anapumua vizuri.

Saa sita Randa akaingia. Alikuwa na nguo za kazi, unga wa mbao hadi kwenye nyusi, ana furaha, ana jambo la kumsimulia mkewe. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Hawezi kumaliza ubao mmoja bila kuingia ndani mara moja, kwa ajili ya chai, au penseli, au habari aliyoisikia kwa mteja. Mara kumi kwa siku. Akainama kumsalimia dada, mashine ikanguruma, na taa ikawa nyekundu.

Akarudi nyuma, akasema ile mashine kweli ni mbovu. Akatoka kwenda kutafuta bisibisi. Muda mfupi baada ya yeye kutoka, taa ikatulia ikarudi buluu. Akaingia na bisibisi yake, ikawa nyekundu tena. Akatoka mwenyewe sasa, polepole, akasimama mlangoni, akanyoosha mkono ndani na kukung'uta shati lake mara moja tu. Mashine ikapiga kelele. Dada akakohoa.

Kuna methali juu ya kikulacho, kila mtu anaijua, na ulimi wangu hauna mfupa. Siku hiyo niliimeza.

Randa hakuvuka kizingiti. Alitazama mikono yake, pande zote mbili.

"Miaka thelathini na miwili," alisema. "Kumbe ni mimi." Kisha akanigeukia. "Shemeji, mrudishe kwako. Mimi nitakuwa nakuja Jumapili."

Niliifikiria nyumba yangu. Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi moja nilitaka kukubali.

Dada aliweka chini nguo aliyokuwa anakunja. "Mimi sikurudi kwa sababu ya mashine, mzee. Kaoge. Nguo za kazi ziishie huko uani, na usiingie humu kabla ya kuoga, leo na kila siku."

Nilimwona Randa anahesabu zile mara kumi.

"Na katikati ya kazi, nikiwa na neno la kukwambia?"

"Utaniita. Nitakuja kwenye kioo cha dirisha."

Akaenda. Tulisikia maji ya bomba la uani, na kabla hayajamwagika kwa muda mrefu tukasikia anamwita dada. Dada akasogeza pazia. Randa alikuwa amesimama nje ya kioo na taulo kiunoni, povu bado liko masikioni, na hakuwa na neno lolote la kusema. Dada alibaki pale anamtazama, wala hakuwa na haraka, na mimi nikachukua mkoba wangu nikaenda nyumbani.