Rili ya Kizito

Hebu mwone Kizito akifika Kitale asubuhi kutoka Matulo, fimbo ya kuvulia begani. Mzee Muigai, mwenye bwawa kule Kwanza, anamngoja saa nne. Akiweza kurusha chambo cha mpira kizito kama gunzi la mahindi, atapewa kazi ya kuongoza wageni wanaovua. Anahitaji rili tu, lile gurudumu la kuzungushia uzi, na anajua lazima liwe pana, lenye meno imara.

Mlangoni mwa duka la vifaa vya uvuvi akaganda. Ndani alikuwa mama mkwe wake, na kwetu Wabukusu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Akarudi nyuma ya ukuta.

"Nipatie rili, bana!"

"Si uingie uchague?" muuzaji akacheka. "Ama rili inauma?"

"Leta yoyote!"

Akaletewa ndogo inayong'aa. Bwawani, alipoirusha mara ya tatu, meno yakavunjika.

"Ati mvuvi, na hata rili hujui kuchagua?" Muigai akamwambia, na kazi akampa mwingine.

Kizito akaweka fimbo begani, akaondoka. Mama mkwe hakujua lolote. Wewe msomaji wangu, ungeingia dukani?