Ufunguo Ukae kwa Aliyeinama

Saa moja asubuhi, Gia anasimama kando ya basi jipya, anavaa glavu nene za mpira na kuanza kulikatia umeme. Anazima swichi kuu, anaitia kufuli, anachomoa ufunguo. Kisha mkono wake, bila kutumwa na mtu, unaelekea ukutani, kwenye msumari.

Anaushtukia njiani. Ufunguo unaingia mfukoni mwa ovaroli.

Gia ni jina la karakana. Lile la kuzaliwa hulitumia mkewe peke yake. Amekuwa fundi wa mabasi ya dizeli kwa miaka ishirini na sita, na sasa anasomea cheti cha wiki sita cha mabasi ya umeme. Vyeti vya namna hii vimezuka kama uyoga, wala si vyote vinavyostahili fremu. Wiki sita hazimfanyi mtu kuwa fundi. Kwa Gia zilikuwa na kazi ndogo zaidi, na ngumu zaidi: kumwondolea tabia moja.

Katika karakana ya dizeli, ufunguo hutundikwa msumarini ili yeyote aweze kulisogeza basi. Anayeutia mfukoni huitwa mchoyo. Akienda nao nyumbani, husemwa mwezi mzima. Kwenye umeme, mchoyo ndiye fundi bora. Ufunguo wa kufuli hukaa kwa aliyeinama kazini, maana mwingine akiwasha, umeme hauna simile.

Mwezi uliopita, katika mtihani wa vitendo, Gia alifuata kila hatua, akautundika ufunguo msumarini kwa adabu zote, akainama. Mwalimu wake, binti anayelingana na mwanawe wa kwanza, akausimamisha mtihani.

"Akaniambia, 'Mzee wangu, hapo umeshakufa,'" anasimulia Gia. "Nikamwambia, mbona nasikia njaa?"

Utani huo ulimfikisha getini tu. Kampuni yake inauza mabasi yote ya dizeli, na fundi asiye na cheti atahamishiwa kuosha mabasi kwa nusu ya mshahara. Mtihani wa marudio ndio huu wa leo. Hakuna wa tatu.

Mkewe, mshona nguo, hakumpa pole. Alilitia kufuli kabati la vyombo, akampa mumewe ufunguo na kumkataza kumpa yeyote. Kisha akaanza kumbembeleza: mara anataka sahani, mara wageni wako mlangoni. Siku mbili za mwanzo Gia alilegea. Siku ya tatu walikula kwenye sufuria.

"Alininyima sahani huku ananitazama usoni," anasema mkewe. "Nilifurahi kuliko siku aliyonioa."

Leo, kando ya basi, Gia anasubiri umeme uliobaki uishe, anapima. Sifuri. Anainama. Mwalimu anamsogelea na kumwambia kwa upole, "Mzee wangu, naomba ufunguo mara moja, kuna mtu anataka kulisogeza basi."

Gia hainui kichwa. "Mwalimu, nakuheshimu sana. Utasubiri."

Mwalimu anasubiri mpaka kazi iishe, ndipo anampa mkono wa pongezi.

Gia anakaa kwenye benchi, anampigia mkewe. Akiulizwa mipango yake, hataji karakana wala cheo. Anataka basi la kwanza atakalolitengeneza walipande wawili, wakakae kiti cha nyuma kabisa.

"Pale nyuma, juu ya injini ya dizeli, tumepigiana kelele miaka yote ili tusikilizane," anasema. "Safari hii nataka niongee naye polepole."