Taa Iliyokataa Kurudi Kijani

Mama Pasi ni jirani yangu, nyumba yetu na yao zinatazamana. Jina hilo alipewa na mtaa. Tangu mume wake aende kufanya kazi mbali, anapiga pasi nguo za watu apate riziki yake na ya binti yake mdogo. Mashati ya walimu, sare za manesi, hata suti za kuazima za mabwana harusi, zote hupita mikononi mwake. Ana mkono mwepesi na mdomo mzito. Ukimkwaza anakohoa kidogo, kisha anaendelea kunyunyiza maji.

Anaishi kwa mama mkwe wake, ambaye ni mwenzangu katika sala. Mama yule ni mcha Mungu wa kweli. Mwaka huu, mvua zilipoanza, alituambia jambo: alfajiri, akishika ukuta wa chumbani ili ainuke magotini, viganja vinamsisimka. "Ninajibiwa, dada zangu," alisema huku analia. Siku moja nami niliushika. Nikasisimka mpaka kwenye viwiko, nikasema amina.

Majira hayohayo umeme wao ukawa haukai. Wakinunua leo, haupiti siku mbili mita inalia.

"Ni hiyo pasi yako," mama mkwe alisema mbele yangu. "Inakula kuliko sisi sote. Ikithibitika, utatumia ya mkaa huko uani, au utafute pa kukaa."

Mama Pasi akakohoa. Mashati meupe ya watu na cheche za mkaa! Nani angemletea tena?

Jumamosi akaja shemeji yake, mdogo wa mumewe, anayeuza vifaa vya umeme dukani. Alifunga kidude kwenye waya wa mita, akaweka sebuleni kitaa kidogo cha betri, kama yai.

"Umeme ukitumika kidogo, kijani. Ukizidi, njano. Ukitumika sana, nyekundu," alisema. "Hakina shangazi wala mjomba hiki, hakipendelei mtu. Haya shemeji, washa pasi yako."

Akawasha. Kitaa kikawa chekundu kama pilipili.

"Mmeona?" mama mkwe akapiga makofi. "Mmeona wenyewe?"

"Sasa chomoa," shemeji akasema.

Akachomoa. Kikashuka hadi njano, kikagoma hapohapo. Shemeji akazima friji, njano. Runinga, feni, taa zote za ndani, njano. Tukabaki tumekodoa macho. Nyumba nzima imezimwa, na bado kuna kitu kinakula!

"Labda kimeharibika," nikasema.

"Mama, leo nimekitoa kwenye boksi." Shemeji alikuwa ameacha kutania. Akaenda kwenye boksi la swichi kuu, akawa anashusha moja baada ya nyingine, na Mama Pasi akimwambia rangi kutoka sebuleni. Aliposhusha ya tatu, Mama Pasi akapiga kelele, "Kijani!"

Ilikuwa swichi ya chumba cha mama mkwe.

"Changu mimi?" mama akang'aka. "Kule nina nini? Sina hata redio!"

Shemeji akairudisha swichi, akaingia. Kweli, hapakuwa na kitu kwenye plagi. Kitanda, mkeka wa kusalia, na picha ya marehemu baba mkwe ukutani. Ukuta ulikuwa umelowa kutoka juu, paa linavuja. Akagusisha bisibisi yake ya kupimia. Kijitaa cha ndani yake kikawaka. Akasogeza chini, kikawaka. Kwenye msumari wa picha kikawaka zaidi.

"Msumari huu nani kaupigilia?"

"Mimi," mama akasema polepole. "Kabla ya mvua."

"Umetoboa waya, mama. Umeme unamwagikia ukutani. Msiguse! Tokeni wote!"

Mama akaviangalia viganja vyake. Mimi nikavificha vyangu chini ya kanga. Mama Pasi akakaa chini pale mlangoni.

"Mwanangu analala na bibi yake," akasema. "Analala upande wa ukuta."

Shemeji alikimbia kuzima swichi kuu.

"Kumbe miezi yote hii," mama mkwe akasema, "nilikuwa nasalimiana na waya."

Nilidhani Mama Pasi sasa atasema yake yote. Alikuwa na haki. Akamshika mkono yule mama.

"Mama, wewe na mtoto mmelala hapo kila siku na mko hai," akamwambia. "Hilo si jibu?"

Waya ulibadilishwa, paa likazibwa. Kitaa bado kipo sebuleni, na mama mkwe anakilinda kama maziwa jikoni. Kikigeuka njano tu anazunguka kutafuta nani kaacha taa inawaka. Maneno ya samahani sikuyasikia. Ila jana nilimkuta ameleta gauni lake la sala, yeye ambaye hakuwahi kuigusisha nguo yake pasi ile. Pasi ikawashwa, kitaa kikawa chekundu. Mama Pasi akaichomoa haraka, akakohoa.

"Rudisha, mwanangu," mama mkwe akasema. "Nyekundu hiyo tunaijua inakotoka."