Paa Moja na Mama Mkwe

Nikiri mapema: nyumba ile niliichagua mimi, tena kwa majivuno. Mama mkwe alikuwa ametolewa mtoto wa jicho mjini Meru, na daktari alimtaka arudi asubuhi afunguliwe bandeji. Jicho la pili lilizimika zamani, kwa hiyo hili lililopasuliwa ndilo pekee lililobaki. Barabara ya kwao Muthara ina matuta, na daktari alikuwa amekataza mtikisiko. Nikasema, basi mama atalala mjini, na mahali pa heshima.

Ni nyumba ya mawe iliyojengwa na mzungu fulani enzi za ukoloni. Siku hizi ni hoteli ya vyumba sita, yenye sakafu ya mbao inayolalamika ukiikanyaga, na ukutani picha za wanaume wenye masharubu wanaokutazama kama hukualikwa. Mimi, mwalimu wa Siakago, nikajiona mtu.

Mke wangu alimwongoza mama yake kwa mkono hadi kwenye ngazi. Hapo mama akanisikia nikiomba funguo mbili. Akasimama.

"Huyo naye analala humu?" akamwuliza binti yake.

"Chumba chake ni kingine, mama."

"Na paa?"

Kwetu Mbeere kama kwao Meru kuna nthoni, ile heshima kati ya mwanamume na mama wa mkewe: hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamlali chini ya paa moja. Nilikuwa nimehesabu vyumba, nikasahau paa. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na elimu yote hii!

Msichana wa mapokezi akajaribu bahati yake. "Lakini shosho, rumu yake iko mwisho kabisa wa koridoo. Na zote ziko na loki."

"Mwanangu, loki ni ya mwizi. Huyu ni mkwe. Niitieni gari niende kwangu."

Hapo niliogopa kwelikweli. Gari, matuta yale, na jicho moja! Nikasema nitaondoka mimi, lakini mke wangu hakutaka kubaki peke yake na mgonjwa. Aliyetuokoa ni mpishi, mama wa Kimeru, aliyekuwa akisikiliza mlangoni.

"Si jikoni ya zamani iko na paa yake?"

Kweli, wazungu wa enzi ile waliogopa moto, wakajenga jiko kando, uani. Mama mkwe aliomba apelekwe akahakikishe. Akapapasa ukuta wa nyumba, akatembea polepole hadi akagusa ule wa jiko, akatikisa kichwa kukubali.

"Haya. Ingizeni vitu vyangu kule nyumbani."

Nikaletewa chakula kule jikoni, katikati ya magunia ya makaa, na kitambaa cheupe juu yake. "Mwalimu, uko shua utalala hapa?" mhudumu akauliza. Nilikuwa shua. Nililala fofofo.

Asubuhi, hospitalini, daktari alipoanza kufungua bandeji, nilisimama mlangoni nikiangalia ukuta, kama inavyopasa. Kisha nikamsikia mke wangu akipaza sauti, "Mama!" Nikageuka kwa hofu.

Mama mkwe alikuwa akinitazama usoni, wazi kabisa, kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Kumbe ana mvi," akamwambia binti yake, bila kuniondolea jicho. "Mwambie anisamehe. Nilikuwa naogopa nitapofuka kabla sijaijua sura yake."

Nilisimama pale pale, nikamwacha atazame.