Magogo Manne Yanayosubiri Jumapili

Gogo la mlingoti linashuka kwa kamba ndani ya duara, shimo la wachimba dhahabu, na chini kabisa Joram Nyamhanga amenyoosha mikono kulipokea. Analisimamisha, anachomeka kabari, anagonga kwa nyundo. Kisha anatega sikio.

"Gogo likikaa sawasawa, linajibu," anasema. "Lisipokaa, linanyamaza."

Juu, jua la Ijumaa linaelekea vilima vya Nyamwaga. Yamebaki magogo manne.

Joram (56) ni fundi matimba: ndiye anayezuia udongo usiwafukie wachimbaji. Tangu watu wafurike hapa kufuata dhahabu, hulipwa kama wenzake, kwa mgao wa mifuko ya mawe. Jana duara lao lilifikia mwamba wenye dhahabu. Duara la jirani nalo linaukaribia. Atakayewahi ndiye atakayeuchimba.

"Mzee Joram, malizia basi," anaita Faridu, mwenye duara, mfanyabiashara wa Tarime mjini. "Mimi leo nimeswali nikarudi kazini. Mungu wako ndiye anataka siku nzima?"

"Amenipa sita, Yeye kabaki na moja, bosi," anajibu Joram akipanda. "Ningekuwa mimi, nisingegawa hivyo."

Wachimbaji wanacheka. Faridu naye anacheka, kidogo tu.

"Sawa. Kesho namwita yule fundi mwingine, Kisyeri. Akimaliza kufunga matimba, mgao wako ni wake."

Joram ni Msabato, na Sabato yake huanza jua likizama. Mwaka jana alipoteza nafasi kwenye duara jingine kwa sababu hiyo hiyo. Mkewe, Agness, akauza mbuzi ili watoto warudi shule.

"Iliniuma, na hata hii itaniuma," anasema taratibu. "Lakini kama nasema Mungu kwanza siku ambazo hakuna mwamba tu, nitakuwa nimesema nini?"

Muda uliobaki hautumii kubembeleza. Anayavuta yale magogo manne, anachonga vichwa vyake, anachora kwa mkaa upande wa kukaa juu. Kabari anazipanga kando.

"Tata, mzee wangu, unamwandalia Kisyeri chakula?" anatania Heche, mchimbaji.

"Nakuandalia wewe. Si ndiwe utakayechimba chini yake?"

Faridu anaziangalia zile alama za mkaa. Hasemi kama bado atamwita Kisyeri.

Joram ananawa mikono. Atarudi Jumapili alfajiri.

"Nikiyakuta yamelala hapa, nitashuka nimalizie. Nikiyakuta yameshasimama, nitaomba niyagonge kwanza, nisikie kama yanajibu. Ndipo nitafute duara jingine."