Aliyekuwa Akituonyesha kwa Adui

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua, mwanangu, nilipomfukuza vitani mtu asiye na kosa. Vita yenyewe ilikuwa ya kwenye kompyuta, lakini mtu alikuwa wa kweli, na aibu niliyoipata ni ya kweli mpaka leo. Nakusimulia kwa sababu jana uliniambia kuna mwenzako kazini anayepeleka maneno yenu kwa bosi, na kwamba Jumatatu utamsema mbele ya wote. Kaa kwanza. Chai ipo.

Nilikuwa na miaka hamsini na tisa, ila katika kazi ile nilikuwa kijana mbichi kabisa. Wewe unanijua kama dereva wa watalii. Miaka thelathini nilipeleka wageni hifadhini, hadi mgongo ukakataa na daktari akaniambia niachane na usukani. Nikawa nashinda nyumbani hapa Kikwe nikigombana na kuku. Ndipo Mwalimu Anande wa Kijenge, ambaye tulijuana tangu nikiwapeleka wanafunzi wake kutazama wanyama, akanipigia simu kuniambia ana kikosi cha ndege za kivita na anatafuta rubani. Nilidhani uzee umempanda kichwani. Alikuwa na miaka sabini, mama wa Kichaga mwembamba aliyefundisha fizikia maisha yake yote. Kumbe yeye na watu wengine wanne, kila mmoja akiwa kwake, walikuwa wakikutana mtandaoni kila Jumamosi saa tisa alasiri, wakirusha ndege za zamani za propela na kupigana na vikosi vya watu wasiowajua.

Mwanzoni sikupigana na mtu. Nilijifunza kupaa, nikaanguka. Nikajifunza kutua, nikaanguka. Mwalimu alinielekeza kwenye hedifoni kwa sauti ileile ya darasani, akiniambia nipunguze mkono, ndege si gari lililokwama kwenye tope. Nami nilikuwa na kiburi changu cha barabarani. Kila mara kabla ya kuondoka nilikaza mkanda, nikapima mafuta, nikawasha taa, kama nilivyofanya kila alfajiri kwa miaka thelathini, kwa sababu kwenye vumbi la hifadhini dereva asiyewasha taa hata mchana ni muuaji. Vitufe vya mambo hayo nilivitafuta mwenyewe, sikumuuliza mtu, na nikajiona fundi.

Basi nikaingizwa kwenye msafara. Mgeni hukaa wa mwisho, nyuma ya wote, ili asimgonge mtu. Tulikuwa katikati ya msimu wa mashindano, na sheria ilikuwa kwamba ndege ikidunguliwa hairudishwi mpaka msimu uishe, rubani anachukua nyingine katika chache za akiba. Mpango wetu ulikuwa mmoja: kwenye mchezo jua likishazama tunapita chini chini nyuma ya vilima, kimya, tukalipue ghala la adui. Nje kwangu kuku walikuwa bado wanaparura juani, lakini kwenye kioo kulikuwa giza linaingia. Na kila tulipopita, adui alikuwa ameshafika anatusubiri. Wakianza kushambulia, wanaanza na mimi.

Mara ya kwanza nikasema bahati mbaya. Mara ya pili machale yakanicheza. Mara ya tatu nikajua kuna mtu anatuuza. Dereva wa watalii, mwanangu, anaishi kwa kushuku. Anamshuku fundi, anamshuku kijana wa sheli, anamshuku hata tembo aliyesimama kimya. Nikaanza kusikiliza wenzangu mmoja mmoja kwenye hedifoni, na sikio langu likamwangukia Neema.

Neema alikuwa binti wa Sombetini ambaye sikuwahi kumwona uso. Alizungumza kidogo mno. Kila tulipokaribia vilima yeye alijitenga na msafara, akaenda pembeni peke yake, na karibu kila mara alirudi salama. Hilo pekee lilinitosha. Halafu siku moja alisahau kuzima maiki, nikasikia sauti ya mwanamume nyuma yake ikiuliza, "Wamefika wapi?" Neema akamjibu kwa sauti ya chini, akamtajia kilima tulichokuwa tumefika. Dakika mbili hazikupita, risasi zikaanza.

Nilimpigia Mwalimu nikamweleza. Akaniambia nisiseme neno. Alikuwa ameliomba kundi la upande wa pili rekodi za mapambano, maana mchezo ule hurekodi kila ndege ilikopita, na zingefika baada ya wiki moja. Wiki moja tu, mwanangu. Ningeweza kusubiri. Lakini nilishajiona mpelelezi, na mpelelezi anataka watu wamwone.

Jumamosi ile ya mvua, wote tukiwa kwenye laini kabla ya kupaa, nikamuuliza Neema yule mwanamume ni nani. Akasema ni baba yake. Nikamuuliza baba gani anataka kujua tulipo kila wiki. Akasema, "Babu, sina mtu wa kumuuzia." Nikamwambia basi aeleze kwa nini anajitenga. Hakueleza. Tukasikia mlio wa mtu kujitoa kwenye laini: Neema ameondoka. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikunywa maji nikajiona nimeokoa kikosi.

Tukapaa bila yeye. Adui alikuwa anatusubiri palepale. Tulipoteza ndege tatu, yangu ikiwa ya kwanza. Unadhani nilijirudi? Wiki ile nzima nililala nikimshuku mwingine, na kufika Alhamisi nilikuwa nimeanza kumshuku Mwalimu mwenyewe.

Ijumaa akaniita kwake Kijenge. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia, akanivutia kiti mbele ya kompyuta. Rekodi ilikuwa imefika, ikionyesha anga kama adui alivyoliona. Vilima vilikuwa vyeusi. Ndege zetu zilikuwa ndani ya weusi ule, huwezi kuziona hata ukikodoa macho. Isipokuwa moja ya mwisho. Ilikuwa inakuja nyuma ya wenzake na taa nyekundu bawa moja, taa ya kijani bawa la pili na nyeupe mkiani, zikionekana tangu mbali. Nikauliza ni mjinga gani yule. Mwalimu akasogeza picha karibu, akaniambia nisome namba. Nilisoma namba yangu.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Ulikuwa unamtafuta anayetuonyesha kwa adui, Mbise. Sasa umempata." Akazima kompyuta. Akasema na yeye ana kosa lake, kwa sababu hakuniuliza taa na mimi sikusema, lakini la Neema ni langu peke yangu, niende nikalimalize kwa miguu yangu.

Nilikwenda Sombetini kesho yake. Nyumba ilikuwa ya tofali zisizopigwa plasta, na Neema mwenyewe ndiye aliyefungua. Akanishika mkono, "Shikamoo babu," kama vile sikumtendea kitu. Ndani, kitandani karibu na meza ya kompyuta, alilala baba yake. Alianguka kutoka kwenye jengo akiwa kibaruani, na tangu hapo miguu haikufanya kazi. Nilipokaa akasema, "Huyu ni wa vitani? Wamefika wapi?" Nikaitambua ile sauti. Mzee yule hakuwa na safari nyingine duniani ila ile ya Jumamosi, ambayo binti yake alimsimulia kilima kwa kilima. Na kujitenga? Mtandao wao ulikuwa unakatika, ndege yake ikawa inarukaruka hewani, naye alikwenda pembeni asije akamgonga mmoja wetu. Aliona aibu kusema kwamba bando lao ni dogo.

Niliomba msamaha mbele ya baba yake, nikalia. Neema akasema, "Nimekusamehe, babu, ila sirudi." Sikumbembeleza. Nilimwomba tu ruhusa ya kuja Jumamosi kumsimulia baba yake tulipofika, akasema hilo ni la baba. Baba akakubali. Nilienda kila wiki mpaka mzee alipofariki, na kila mara Neema alinipa chai kisha akatoka nje.

Sasa sikiliza ushauri wangu. Kabla hujamnyooshea mtu kidole, kagua kwanza kile unachokifanya kila siku bila kukifikiria, hasa kile unachojisifia. Na ukiambiwa subiri wiki, subiri. Jana uliniambia, wala hukusikia unachosema, kwamba kila jioni unapewa lifti na dereva wa bosi, mnapiga soga za ofisini mpaka Kijenge. Mwanangu, mimi nimekuwa dereva miaka thelathini. Hakuna neno la abiria ambalo halikunifikia, na tajiri wangu alipouliza, nilimjibu.

Usishtuke, kunywa chai. Mungu akutangulie Jumatatu, akuonyeshe taa zako kabla hajakuonyesha za wenzako, na akupe moyo wa kuzizima. Nenda salama, mwanangu.