Mashine Aliyoitwa Kuiaga

Prudencia Mutalemwa aliisimika mashine ile ya uchapaji mwaka 1998, akiwa injinia kijana aliyetoka Kagera. Tangu hapo, mitambo michache sana ya kuchapa vitabu jijini Mwanza ilipona bila mikono yake. Sasa Josephat Luhende, mwenye kiwanda cha uchapaji Mkuyuni, alimwita aje kuiaga.

Rangi hazikukaa mahali pake. Kwenye majalada ya kitabu cha nyimbo za kwaya, nyekundu ilitoka nje ya mstari na bluu ikashika njia yake. Fundi aliyeitwa kabla alisema vyuma vya mashine vimelika. Mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Kisesa angefika saa nane mchana kuichukua.

"Shikamoo, mama injinia," alisema Selina, mpiga chapa.

"Marahaba. Karatasi ziko wapi?"

Josephat akacheka. "Mama, mashine iko huku."

"Naijua ilipo. Niliiweka mimi."

Karatasi zilikuwa chini ya dirisha linalotazama ziwa. Selina alikuwa amefungua karibu mabunda yote tangu Jumatatu ili kazi iende haraka. Prudencia aliinua karatasi moja usawa wa macho. Kingo zake zilikuwa na mawimbi.

"Unyevu wa ziwa umeingia pembeni, katikati bado pakavu," alisema. "Kila rangi inapopigwa, karatasi inavutika. Inayohama ni karatasi, si mashine. Nilisema nini siku ya kwanza?"

"Zilale ndani ya vifungashio, tufungue zinazotumika tu," Josephat alijibu polepole. "Lakini uliwaambia wazee ambao sasa wamestaafu."

"Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa unasinzia."

Selina akainama kuficha kicheko.

Nyuma ya mashine lilibaki bunda moja ambalo halijafunguliwa. Prudencia alilifungua mwenyewe, akapanga karatasi kwenye mashine, akaiwasha, akaegemeza kiganja ubavuni mwake kama alivyozoea. Mlio ulikuwa uleule. Jalada la kumi alilikagua kwa lenzi yake ndogo, kisha akampa Josephat. Nyekundu ilikuwa ndani ya mstari wake.

Saa nane mnunuzi alipofika, Josephat alimpokea mlangoni akiwa na jalada lile mkononi.

"Nimekusumbua bure, ndugu yangu. Hebu tazama kazi ya chuma chakavu chako."

Ndani, Prudencia alifuta wino vidoleni, akafungua daftari la mashine lililojaa mwandiko wake, akaandika tarehe na neno moja: nzima. Kisha akamsogezea Selina kalamu.

"Habari ya karatasi iandike wewe. Kwa herufi kubwa."